Panya Katika Ghala la Chakula cha Mifugo: Ziba Kwanza, Sumu Iwe ya Mwisho

Nilipokuwa ningali mchanga katika kazi ya ugani, wafugaji wa kitongoji kimoja walinijia wakilalamikia panya waliokuwa wakimaliza chakula cha kuku na cha ng'ombe wa maziwa. Nilifanya lile ambalo kila aliyeniita alilitarajia: nilifika na sumu, nikaigawa nyumba kwa nyumba, nikaeleza namna ya kuitega, nikaaga. Wiki ya kwanza mizoga ilihesabiwa kwa ndoo, nami nikasifiwa. Haikutimia miezi mitatu, panya walikuwa wamerudi kwa wingi uleule. Mzee mmoja, ambaye mbwa wake alikuwa amekula panya waliokufa kwa sumu, alinitazama kwa upole akaniambia, "Mwanangu, dawa yako imeniachia panya, imenichukulia mbwa."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeua panya, lakini sikugusa kilichowaleta: mifuko iliyolazwa sakafuni, mlango uliopinda, pumba zilizomwagika kila kona, na maji yaliyoachwa bandani usiku kucha. Nafasi ya waliokufa ilijazwa na watoto wao na na jamaa zao kutoka nyumba za jirani na mashambani. Somo hili linawahusu wafugaji wote wa Halmashauri yetu wanaohifadhi pumba, mashudu, dagaa, chakula kilichochanganywa au majani makavu, wawe na kuku 20 au 2,000. Nia yake ni kuipanga upya kazi hii, maana wengi wetu huianzia mwishoni.

Magunia matatu ya wageni

Tuanze na hesabu ndogo. Panya mkubwa wa nyumbani hula takriban gramu 15 hadi 25 za chakula kikavu kwa siku. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120. Basi panya sita hivi ni sawa na kuku mmoja anayekula kila siku bila kutaga hata yai. Ghala lenye panya 20, idadi ambayo si kubwa katika stoo ya udongo iliyopakana na banda, hupoteza karibu gramu 400 kwa siku, kilo 12 kwa mwezi, na karibu magunia matatu ya kilo 50 kwa mwaka. Mfugaji anayesema kuwa bei ya chakula cha kuku imemshinda aghalabu hajui kwamba amekuwa akiwanunulia na wengine.

Hiyo ndiyo sehemu ndogo ya hasara, kwa sababu panya huchafua kingi kuliko anachokula. Kwa siku moja hudondosha punje za kinyesi kadiri ya 40, hukojoa anapopita, huacha manyoya, na hutoboa mifuko hata kilichomo kikamwagika na kuchanganyika na vumbi. Wapo wanaodhani kuwa pumba zilizochafuliwa hutakata zikichekechwa. Chekeche huondoa kinyesi, mkojo hauchekecheki. Chakula kilichochafuka sana kifukiwe au kitiwe katika shimo la mboji, ijapokuwa moyo unauma.

Mkojo huo unaweza kubeba bakteria wa leptospira, ambao husababisha ng'ombe na nguruwe kutupa mimba, na ambao humwingia binadamu kupitia mchubuko wa ngozi, macho au kinywa. Kwa binadamu ndio homa ya mgunda, jina ambalo Watanzania wengi walilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ugonjwa huo ulipozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, na watu watatu wakafariki. Anayeingia stoo pekupeku baada ya mvua kuvuja, akachota pumba kwa mkono wenye kidonda, anajiweka hatarini bila kujua. Kwa wafugaji wa kuku kuna salmonela pia. Banda huweza kusafishwa na kupulizwa dawa, likakaa tupu wiki mbili, kisha vifaranga wapya wakaugua ugonjwa uleule, kwa kuwa panya waliobaki darini waliutunza. Na mzoga wa panya uliooza ndani ya majani makavu au chakula kilichohifadhiwa huweza kuzalisha sumu ya botulinamu, ambayo humpoozesha ng'ombe na kumwua, huku mwenyewe akidhani amerogwa.

Wanaoingia ni akina nani

Kwa jumla tunawaita panya, lakini magahalani mwetu huingia wa namna tatu, na tabia zao zinatofautiana kiasi cha kubadili mbinu. Wa kwanza ni panya wa darini. Ana mkia mrefu kuliko mwili, masikio makubwa, na hupanda ukuta, nguzo na kamba kwa wepesi wa ajabu. Vitabu humwita panya mweusi, ingawa wengi tunaowakamata ni wa kahawia, jambo linalowachanganya hata wanafunzi wa vyuo vya mifugo. Huyu ni mwenye shaka nyingi: kitu kipya kikiwekwa njiani mwake hukikwepa kwa siku kadhaa. Wa pili ni panya mdogo wa nyumbani, ambaye uzito wake ni gramu 20 tu au pungufu. Yeye ni mdadisi, hukiendea kitu kipya, hujenga kiota ndani ya gunia lenyewe, na huweza kuishi kwa maji kidogo mno. Hupita katika tundu ambalo penseli hupita. Wa tatu ni panya shamba, ambaye makazi yake ni shambani na vichakani, lakini baada ya mavuno huhamia kwenye vihenge na mabanda. Jike wa panya shamba huweza kuwa na chuchu hadi 24. Kwa kawaida huzaa watoto kumi hivi kwa mkupuo mmoja, na huweza kuzidi hapo, baada ya mimba ya wiki tatu na siku chache. Asiyeiweka hesabu hiyo akilini hataelewa kwa nini sumu peke yake haifui dafu.

Yupo pia kirukanjia, mwenye pua ndefu iliyochongoka na harufu kali, ambaye huuawa kwa kudhaniwa panya. Yeye hula wadudu, zaidi mende na mabuu. Hana deni na mfugaji, aachwe apite.

Kulisoma ghala kabla ya kutumia fedha

Panya ni wa usiku. Ukimwona mchana mweupe akikimbia juu ya magunia, huo ni ushahidi kwamba wapo wengi kiasi cha kugombea chakula na mahali pa kujificha. Lakini usingoje kufikia hapo. Tazama pembeni mwa kuta kama kuna mstari mweusi wa mafuta, ambao huachwa na manyoya ya panya wanaopita njia ileile kila usiku. Tazama kona za chini za magunia. Kinyesi kibichi hung'aa na ni laini. Cha zamani ni kikavu na hufifia rangi. Punje zenye urefu wa sentimita moja au zaidi ni za panya mkubwa, na zinazolingana na punje ya mchele ni za panya mdogo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakinunuliwi dukani. Jioni, baada ya kufagia, chekecha majivu laini yawe tabaka jembamba mbele ya mlango, kandokando ya kuta na karibu na magunia. Asubuhi soma nyayo. Utajua wametokea upande gani, wameelekea wapi, na kama ni wengi au wachache. Mkia wa panya huacha mstari kati ya nyayo. Fanya hivyo siku tatu mfululizo, uandike katika daftari. Baadaye, ukishafanya kazi ya kuziba na kutega, rudia siku tatu nyingine. Majivu yatakuambia kama umefanikiwa au unajifariji.

Kuziba, kuinua na kusogeza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka.

Kanuni ni kumnyima panya vitu vitatu: mlango, maficho na mlo. Tuanze na mlango. Kwa kuwa panya mdogo hupita katika tundu la upana wa milimita 6 hivi, mwanya wowote unaopitisha penseli chini ya mlango ni lango. Pigilia ukanda wa bati upande wa nje wa mlango, kuanzia chini hadi sentimita 30 juu, na vivyo hivyo kwenye miimo, maana panya hutafuna mbao pale anapopata ukingo wa kuanzia. Matundu ya ukutani yajazwe saruji iliyochanganywa na vipande vidogo vya chupa. Kabla saruji haijamwagwa, shindilia ndani ya tundu waya laini wa kusugulia sufuria. Meno ya panya hayaupendi. Tundu likizibwa kwa udongo au matambara, litafunguliwa kabla hujamaliza kunawa mikono. Madirisha na matundu ya hewa yawekwe wavu wa chuma wenye macho madogo. Wavu wa kawaida wa banda la kuku humzuia kuku tu, na panya mdogo hupita humo bila kuinama.

Kisha tazama juu. Panya wa darini mara nyingi haji kwa mlango. Huja kwa tawi la mwembe lililolala juu ya paa, au kwa pengo lililoachwa kati ya ukuta na bati. Kata matawi yawe mbali na paa kwa mita mbili. Ziba pengo la juu ya ukuta kwa wavu, usilijaze kabisa, kwa kuwa ghala lisilopumua huotesha ukungu, na chakula chenye ukungu huua kuku kuliko panya. Wenye vihenge vya nguzo wavivike nguzo kofia za bati zenye umbo la faneli iliyogeuzwa, na sakafu ya kihenge iwe juu kwa mita moja au zaidi, kwa sababu panya mkubwa huruka kwenda juu kwa sentimita 70 na zaidi. Kofia hiyo haina maana yoyote ikiwa ngazi imeachwa imeegemea kihenge usiku. Hili nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ndani ya ghala, magunia yakae juu ya chaga iliyoinuliwa angalau sentimita 15, mbali na ukuta kwa nusu mita au zaidi, kiasi cha mtu kupita na ufagio. Wafugaji hulalamika kwamba nafasi hiyo inapotea bure, lakini panya hupenda kutembea ubavu wake ukigusa ukuta, na hujenga pale ambapo hapafagiliwi. Ukiweza kuzunguka rundo lako la magunia, umemwondolea makazi. Chakula kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Vyombo vibovu, mabomba chakavu na maboksi matupu yasihifadhiwe humo; ghala la chakula si mahali pa kuweka kila kisichotakiwa nyumbani.

Kwa mfugaji mdogo ipo njia rahisi kuliko kulijenga upya ghala zima, nayo ni chombo chenye mfuniko. Pipa la chuma la lita 200 hubeba takriban magunia mawili ya kilo 50 ya chakula kilichosagwa. Lisiwe lililowahi kubeba dawa za kilimo, hata kama limeoshwa. Nimewahi kumkuta mama mmoja aliyelaza chini friji lililoharibika, akaliweka juu ya matofali, akatia humo chakula cha kuku wake wote. Mlango wake hufunga barabara, na panya hawajaugusa. Vyombo vya plastiki vinafaa pia vikiwa laini na visivyo na ukingo wa kung'atia.

Mlo na maji ndivyo vinavyosahaulika. Chakula kilichomwagika bandani jioni ni karamu ya usiku. Vyombo vya kulia vya kuku wa mayai na wa kienyeji viondolewe au vifunikwe jua likizama, kwa kuwa kuku hawali gizani. Maji nayo yamwagwe na vyombo vigeuzwe. Panya wa darini anayekula chakula kikavu hawezi kukaa bila maji, na wakati wa kiangazi bomba linalovuja nje ya banda humvuta kuliko dagaa. Jambo hili lisifanywe kwa vifaranga wanaowashiwa taa usiku. Wao waachiwe chakula na maji, na nguvu ielekezwe katika kuziba.

Kwa yule mzee nilirudi. Tulitumia siku tatu, yeye, mjukuu wake na mimi: bati la mlango, chaga za mbao za makreti, mapipa mawili ya kununua na moja alilokuwa nalo likitunza maharage. Sikuja na sumu. Mwezi wa kwanza alitega mitego tu. Ilipofika zamu ya majivu, tulikuta nyayo za panya wawili upande wa nje wa mlango, zimefika kwenye bati, zimegeuka.

Mitego

Ghala likishazibwa, waliobaki ndani wameshikwa. Sasa mtego unafanya kazi ambayo hauwezi kuifanya ghala likiwa wazi. Mtego wa kubana wa mbao au chuma ndio bora kwa mfugaji wa kawaida, kwa kuwa huua upesi, huonyesha matokeo, na hauachi sumu. Kosa kubwa ni uchache. Mtego mmoja katikati ya sakafu ni mapambo. Tega kumi kwa mara moja katika ghala la ukubwa wa chumba, ikae kandokando ya ukuta, sehemu ya chambo ikielekea ukutani, pale ambapo majivu yalionyesha njia. Kwa panya wa darini itegwe pia juu ya boriti, ikiwa imefungwa kwa waya isije ikadondoka.

Kwa sababu ya ile shaka yake, mwache ale kwanza. Weka mitego yenye chambo bila kuifyatua kwa siku tatu au nne, kisha itege yote usiku mmoja. Chambo kiwe kitu kisichokuwamo ghalani. Aliyezungukwa na dagaa hatashawishiwa na dagaa. Mpe nazi iliyochomwa au karanga zilizopondwa. Nusa ya panya si ya kubezwa. Pale Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kunusa mabomu Kambodia. Kiumbe mwenye pua ya namna hiyo ataitambua karanga iliyooza; chambo kibadilishwe kila siku.

Gundi ya panya siipendi. Humtesa mnyama, hunasa ndege na mijusi, na panya aliyenaswa hukojoa hofu yake yote juu ya sakafu uliyokwisha kuisafisha.

Sumu, na mipaka yake

Sasa tufike kwenye lile ambalo wengi walitaka nianze nalo. Sumu ina nafasi yake, hasa panya wanapokuwa wengi nje ya ghala. Lakini katika ghala lililojaa chakula, kipande cha sumu kinashindana na magunia, na magunia hushinda. Ndiyo sababu ya pili ya kuziba kwanza: panya aliyenyimwa mlo ndiye atakayekula ulichomtegea.

Sumu zinazouzwa kihalali katika maduka ya pembejeo ni za namna mbili kwa jumla. Zipo zinazozuia damu kuganda, kama zile zenye bromadiolone au brodifacoum. Panya hufa baada ya siku kadhaa, hivyo wenzake hawaunganishi kifo na chakula. Na ipo zinki fosfaidi, unga wa kijivu unaoua kwa saa chache kwa kutoa gesi tumboni. Panya aliyeonja kidogo akaumwa bila kufa hataigusa tena, na kwa binadamu haina dawa ya kuizimua. Mimi simshauri mfugaji kuitumia bila afisa kuwapo.

Sumu isitegwe kamwe ndani ya ghala la chakula cha mifugo. Panya hubeba vipande na kuvificha, navyo huishia katika pumba utakazomlisha ng'ombe kesho. Itegwe nje, kando ya ukuta na mashimo, ndani ya bomba au kipande cha mwanzi kilichofungwa imara, ambamo panya huingia lakini kuku, mbwa na mkono wa mtoto haufiki katikati. Usiiweke katika sahani ya nyumbani. Usiichanganye kwa mkono na pumba ukaiacha wazi. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, nao hawakuwa wameiona sumu ya siku hizi. Kila asubuhi kagua, ongeza iliyoliwa, okota mizoga kwa mfuko wa plastiki uliouvika mkononi, inyunyizie maji yenye dawa ya klorini, uifukie chini kwa nusu mita. Mzoga ulioachwa ndio uliomwua mbwa wa yule mzee; ndio pia unaowaua bundi na paka.

Unga au kimiminika kinachouzwa minadani katika vipakiti visivyo na lebo usinunue, hata kikisifiwa namna gani. Hujui ni kitu gani, na daktari hatajua amtibu mtoto wako kwa nini. Kiuatilifu halali kina lebo na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Vidonge vya kufukizia nafaka navyo visitumbukizwe katika mashimo ya panya wala kuwekwa katika stoo iliyopakana na chumba cha kulala. Gesi yake hupenya ukuta wa udongo na mianya ya dari, na huua waliolala.

Ikitokea mtu amekula sumu, asilazimishwe kutapika, asipewe maziwa wala mafuta. Akimbizwe kituo cha afya pamoja na pakiti yenyewe, kwa kuwa sumu inayozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K, nayo hupatikana hospitalini. Mtoto aliyeila huweza kuonekana mzima kwa siku mbili tatu, asisubiriwe augue.

Kuhusu paka na bundi nitasema machache. Paka hupunguza panya wadogo na huleta woga, lakini hajawahi kuliokoa ghala lililo wazi. Asilale juu ya chakula, kwa sababu kinyesi chake huweza kubeba vimelea wanaosababisha mbuzi na kondoo kutupa mimba. Bundi tunamfukuza kwa mawe tukimdhania mjumbe wa msiba, ilhali kila usiku hukamata panya bila malipo. Sijui kazi nyingine ya ugani iliyo ngumu kama kumtetea bundi mkutanoni.

Jirani na majira

Ghala moja lililozibwa katikati ya kumi yaliyo wazi litalindika, lakini mwenyewe hatapumzika. Kazi ya sumu na mitego ya nje ifanywe na kitongoji kizima katika wiki moja, pamoja na kufyeka vichaka na kuondoa marundo ya mabua yaliyo karibu na mabanda. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Jambo hili liwekwe katika ajenda mapema, ili afisa mifugo na afisa kilimo wa kata waalikwe kutoa mafunzo kabla ya mtu yeyote kununua chochote.

Wakati nao una uzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walimfuatilia panya shamba mkoani Morogoro kwa miaka mingi, wakabaini kwamba kuzaliana kwake hufuata mvua. Huanza mwezi mmoja hivi baada ya masika kushika, huendelea hadi kiangazi, na idadi hufikia kilele kuelekea mwisho wa mwaka. Vuli ikinyesha mapema na kwa wingi, panya hupata kizazi cha ziada, na hatari ya mlipuko katika msimu unaofuata huongezeka. Kwa hiyo kuziba kufanyike mara baada ya mavuno, kabla panya hawajahama kutoka mashambani, na mwaka wa vuli nzuri tusiufurahie kwa mahindi peke yake.

Lipo jambo moja ambalo halingoji mkutano. Mkiona panya wanakufa wenyewe kwa wingi, na hakuna aliyetega sumu, msiwaguse wala kuwaruhusu watoto kuwachezea. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi tangu mwaka 1980, na dalili ya namna hiyo huweza kutangulia ugonjwa wa watu. Viroboto huuacha mzoga unapopoa wakatafuta mwili mwingine wenye joto, na ndiyo maana katika hali hiyo viroboto huuawa kwanza, panya baadaye. Taarifa ipelekwe siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji na afisa afya wa kata. Chakula na vitu vilivyomo ghalani visihamishwe hadi afisa huyo atakapofika.